Kompyuta Iliyoanikwa Nyuma ya Friji ya Soda

Mashine ya baridi ilikuwa imevuja usiku kucha, na asubuhi ile nilipofungua mlango wa chumba cha kompyuta, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kuita mtu. Niliivua kompyuta kitambaa changu kilicholowa, nikakikamua dirishani, nikakitia mkobani. Ndipo nikapiga ukelele. Naliweka hilo mbele kabisa kwa sababu ninayoyaandika hapa ni sifa za mtu mwingine, na sitaki msomaji anidhanie mwema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, huko Likoni. Nilikuwa nikifundisha taipu katika chuo kidogo cha ufundi cha wasichana, na mwaka ule tukapewa kompyuta. Moja tu, nami nikapewa kuifundisha. Walioileta walituachia masharti mawili: isipate joto wala vumbi. Kwa ajili ya joto tulifungiwa mashine ya baridi juu ya dirisha, ikawa inanguruma mchana na usiku, nasi walimu tukawa tunabuni visingizio vya kuingia mle tupoe. Kwa ajili ya vumbi ilikuja na kifuniko chake cha nailoni. Mkuu wetu wa chuo, mama mmoja wa Changamwe aliyekuwa hasemi neno mara mbili, aliniambia mbele ya walimu wote, "Mwalimu, kifuniko ni hiki. Sitaki kingine."

Mimi nailoni ile sikuipenda. Mimi ni mtu wa Frere Town, na kwetu hakuna aliyeiacha redio yake uchi sebuleni. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata mtungi wa maji una chake. Leo kompyuta, yenye thamani kuliko vyombo vyote vya nyumbani kwetu vikikusanywa pamoja, ndiyo niivishe mfuko? Nikaifumia kitambaa cha buluu na nyeupe, chenye marinda pande zote nne, nikakichovya katika maji ya sukari yaliyochemka mpaka yakawa mazito, kama alivyonifundisha mama, ili marinda yakikauka yasimame. Nailoni nikaikunja rafuni. Mkuu akija kukagua, naivisha nailoni. Akiondoka, naivisha kitambaa. Nilijiona mjanja sana.

Sasa mashine ya baridi ilikuwa imetiririsha maji juu ya kompyuta. Nailoni ingeyamwaga sakafuni, tukapiga deki, yakaisha. Kitambaa kiliyanywa, kikashiba, kisha kikayapitisha polepole kwenye matundu ya hewa hadi ndani. Na mimi kwa ule ujinga wa mtu mwenye hatia, kabla ya kumwita mkuu nilibonyeza swichi nione kama itawaka. Ililia kidogo, ikanyamaza. Nikazima haraka.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumatatu iliyofuata wasichana kumi na mmoja walikuwa wafanye mtihani wa kompyuta, wa kwanza katika chuo chetu. Msimamizi angekuja na karatasi zake, kila mmoja aandike barua ya ofisi na kuichapisha. Chuo kisicho na mashine inayofanya kazi, watahiniwa wake wangoje mwaka mwingine. Kwa kumi kati yao, mwaka ulikuwa mwaka tu, wangekasirika kisha wangengoja. Kwa mmoja haikuwa hivyo. Alikuwa ametoka Mwakirunge, ambako baba yake alivunja mawe machimboni, naye akiishi kwa shangazi yake Bofu ili awe karibu na chuo. Shangazi alikuwa anahama mwisho wa mwezi kumfuata mumewe. Baba alikuwa ameshasema, mtihani ukiisha msichana arudi nyumbani, akiwa na cheti au bila. Yeye mwenyewe aliniambia bila chozi hata moja, "Mwalimu, mimi nina Jumatatu hiyo tu."

Maneno hayo ndiyo niliyoyasikia tena nilipokuwa nimesimama mbele ya ile meza iliyolowa.

Mkuu alipiga simu kwa mtaalamu wa kompyuta huko kisiwani, ng'ambo ya kivuko. Akaambiwa nafasi ipo baada ya wiki mbili. Ndipo akaagiza aitwe fundi aliyetufungia mashine ya baridi, nadhani apate wa kumfokea.

Fundi huyu alikuwa mtu wa Bofu, Mdigo wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kofia. Maisha yake yote alitengeneza friji za maduka na injini za mashua. Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa mtu wa choyo na bisibisi zake, hata kuzigusa ni ugomvi, na mtu akipiga mluzi karibu naye akiwa kazini alikusanya vyombo vyake akaenda zake. Alikunywa soda kama mtoto siku ya Idi.

"Shikamoo, fundi," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu." Hakunitazama. Alikuwa akiitazama mashine yake ukutani.

"Fundi, mashine yako imetuua," mkuu akasema. "Jumatatu tuna mtihani. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, mama. Lakini hukauka."

Akaomba ruhusa kufungua kompyuta. Mkuu akamwuliza kama anajua kompyuta. "Sijui," akasema. "Wallahi sijapata kuona tumbo lake. Lakini maji nayajua." Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa nilikuwa na hofu naye kuliko nilivyokuwa na hofu na mkuu.

Alipokiondoa kifuniko cha chuma, tuliona bodi ya kijani imelowa upande mmoja, na mstari wa sisimizi umeshafika, wanatembea juu ya nyaya bila haraka. Fundi akachovya ncha ya kidole kwenye tone la maji, akaliweka ulimini. Akatema katika leso yake. "Chumvi," akasema. Alieleza kwamba upepo wa bahari huacha chumvi kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya mashine ya baridi, na maji yakitiririka huibeba. Watu wa upande ule hujua kisima cha nani kimeingia chumvi na cha nani bado kwa kuonja tu, kwa hiyo halikuwa ajabu. Akahamia kona ya pili, chini ya matundu ya hewa. Akaonja. Akaonja tena.

Halafu akaiangalia rafu. Nailoni ilikuwa pale, imekunjwa vizuri, kavu, na mikunjo yake ya kiwandani bado ipo. Kisha akaniangalia mimi.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua nilichofikiri: sisimizi hawafuati chumvi. Alikuwa ameionja sukari yangu. Mtu yule alikuwa na jawabu zima ulimini mwake, na kulitema mbele ya mkuu kulikuwa ni neno moja.

"Chumvi," akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akimgeukia mkuu. "Ni mashine yangu, mama. Ni kosa langu. Nipeni mpaka Jumapili."

Mkuu akamwambia mengi ambayo sitayaandika. Mwishowe akakubali, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, ila akaapa kwamba kompyuta isipofufuka atahakikisha hakuna shule wala zahanati ya Likoni itakayompa kazi tena. Fundi akaitikia kwa kichwa. Mimi nilisimama pale nikiushika mkoba wangu kana kwamba ndani mna mtoto mchanga aliyelala.

Mchana ule aliponyanyua kipira cha kutolea maji nje ya dirisha, nilimwona akichokonoa kitu kwa waya. Kikaanguka kibonge cha udongo. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ndani ya kipira, maji yakakosa pa kupita, yakarudi chumbani. Basi hata kuvuja kwenyewe hakukuwa kosa lake. Alikikanyaga kile kibonge kwa kiatu, akakisaga, akaendelea na kazi.

Mimi nilikuwa nimezoea mafundi wa kung'oa kwanza na kufikiri baadaye. Huyu alikataa kugusa waya hata mmoja kabla ya kuwekwa alama.

"Una nyuzi za rangi, wewe," akaniambia akiwa ameinama, sauti kavu. Halikuwa swali. "Kalete. Kila waya ufunge rangi yake, na pale unapoingia ufunge rangi ile ile. Mimi na wewe hatuijui kazi hii. Asiyejua sharti aweke alama."

Nikaleta nyuzi. Tukafunga nyekundu, manjano, zambarau. Nilichora pia picha daftarini, kila kipande na mahali pake, skrubu ndefu kando na fupi kando. Alikuwa akinifokea nikichora ovyo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilisahau kuogopa.

Alhamisi tulibeba vipande hadi kwake Bofu, katika sinia lililofunikwa kwa kanga. Kisanduku cha umeme hakukiosha, alikifungua tu akakining'iniza kikauke. Kile kinachohifadhi kazi zote za wasichana alikipangusa kwa nje na kukiweka kabatini. "Hichi kimefungwa na mwenye kujua kukifunga," akasema. "Mimi si mwenye kukifungua." Lakini bodi aliiweka juu ya beseni uani, akamwagiza mkewe alete birika la maji ya mvua.

Mkewe alikuwa na pipa chini ya mchirizi wa bati, maji aliyoyatunza kwa chai peke yake, maana kisima chao kilikuwa cha chumvi. Akayatoa bila kuuliza, ila alipoona yanakomwagwa alisema, "Yarabi, bwana huyu ameanza kuosha umeme."

Nilifumba macho. Kitu kilichoharibiwa na maji, naye anakiosha kwa maji! Mkuu angepita pale angezimia. Fundi akamimina birika la kwanza taratibu, huku akisugua kwa mswaki wa zamani uliolainika, kisha akakinga matone yanayodondoka na kuyaonja. Chumvi. Birika la pili, akaonja. La tatu. Alikuwa ananieleza jinsi injini ya mashua ikizama inavyookolewa: anayeikausha na chumvi yake ameiua, anayeiosha kwa maji matamu kwanza ameipa siku nyingine. Kwenye birika la sita aliweka tone ulimini, akalisikiliza kwa muda mrefu.

"Haina ladha," akasema. "Njoo uonje."

Nikaonja. Hakukuwa na chumvi, na hakukuwa na sukari. Sukari hakuitaja, nami sikuitaja. Nilitamani aniseme tu yaishe.

Nilidhani sasa tutaianika juani. Akacheka. Jua la Likoni halitembei peke yake, lina upepo wa bahari nyuma yake, na huo upepo ndio uliotuletea chumvi tangu mwanzo. Badala yake akachukua bodi, akaifunga ndani ya chandarua safi, akaenda nayo kwenye duka la jirani, akaitundika ukutani nyuma ya friji ya soda.

"Friji haiui joto, mwalimu," akaniambia. "Hulitoa tumboni ikalitupa mgongoni. Weka mkono."

Nikaweka mkono. Kulikuwa na hewa ya moto, kavu, ya taratibu, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Kumbe ndiko mke wa mwenye duka alikokaushia nepi wakati wa mvua. Fundi akamwambia mwenye duka ajaze friji kreti za soda zilizotoka juani, ili ifanye kazi bila kupumzika, na zikipoa aziuze ajaze nyingine. Mwenye duka hakuwahi kupewa amri tamu kama hiyo. Kwa siku mbili mtaa mzima ulihimizwa kunywa soda kwa ajili ya mtihani wa wasichana. Fundi mwenyewe alijitolea zaidi ya wote, na kila chupa aliyofungua alisema, "Hii ni ya kazi." Ijumaa alikwenda msikitini, akarudi moja kwa moja kwenye friji, akaingiza mkono nyuma kama mama anayepapasa paji la mtoto.

Msichana wa Mwakirunge alipita pale kila jioni akitoka chuoni. Alisalimu kwa adabu, akachungulia nyuma ya friji, akaenda zake. Fundi hakujua habari yake mpaka nilipomwambia. "Basi tusikosee," akasema.

Jumapili asubuhi tulirudi chuoni. Hapo ndipo nilipoona ufundi hasa, kwa sababu hakuunganisha kila kitu na kuwasha, kama ambavyo mimi ningefanya. Alianza na kisanduku cha umeme peke yake, akakitumia kuwasha taa ya gari, akapima kwa mita yake. Kizuri. Akazima. Akaongeza bodi, akawasha. Feni ikazunguka, halafu mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza. Akazima. Akawasha, ikalia tena mara tatu.

"Imekufa," nikasema.

"Inalia," akanisahihisha. "Maiti hailii. Inataka kitu, tukitafute."

Alichomoa kipande kimoja, akawasha, akasikiliza. Akakirudisha, akachomoa kingine. Kila mara alinitaka niandike daftarini alichochomoa na mashine ilivyolia. Saa nzima alifanya hivyo, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, na mimi ninayejulikana kwetu kwa kukosa subira nilikaa nikimtazama kwa heshima ambayo sijawahi kumpa mhubiri. Alipofika kwenye vijibodi vyembamba vya kumbukumbu alivipeleka dirishani. Meno ya chini ya kuchomekea yalikuwa na ukungu wa kijani. Akaniomba raba ya kufutia penseli, akayasugua moja moja mpaka yakang'aa, akapuliza, akavirudisha.

Akawasha. Ikalia mara moja tu. Skrini ikatoa maandishi.

"Imesema nini?"

"Inasema haioni kibodi," nikajibu, nikiwa nalia.

Kibodi tulikuwa tumeisahau juu ya kabati. Tukacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kompyuta ilikuwa imesahau tarehe, ikadai tuko mwaka elfu moja mia tisa themanini, lakini mazoezi ya wasichana wote kumi na mmoja yalikuwa ndani, hakuna lililopotea. Fundi akavua miwani akaifuta. "Kama ni themanini," akasema, "basi nina meno yangu yote."

Jumatatu msimamizi alifika saa mbili. Mashine ya baridi ilizimwa kwa amri ya mkuu, madirisha yakafunguliwa. Fundi alikuja na mfuko wake wa vyombo, akakaa kwenye benchi la barazani, ikiwa atahitajika. Wasichana waliingia mmoja mmoja kwa mpangilio wa majina, na aliyeangukia mwisho alikuwa yule wa Mwakirunge. Kumi walitoka na barua zao. Saa nane na kitu akaingia yeye, mlango ukafungwa, msimamizi msaidizi akabaki naye. Msimamizi mkuu alitoka barazani kunywa chai na mkuu wetu.

Hapo mkuu akamwonyesha fundi kwa kidevu. "Huyu ndiye nusura atuangamize. Leo ni siku yake ya mwisho hapa. Barua za shule jirani nimeshaziandika, wajihadhari naye."

Fundi aliangalia makubazi yake. Mtu aliyeonja maji mara sita ili msichana asiyemjua apate Jumatatu yake, anaangalia makubazi. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni.

"Si yeye, mama," nikasema. "Ni mimi. Sikuweka nailoni. Niliweka kitambaa changu cha sukari, kikayanywa maji, kikayaingiza ndani. Yeye alijua tangu Jumatano."

Mkuu aliweka kikombe chini. Hakupaza sauti. "Kesho asubuhi ofisini kwangu," akasema, akamwongoza mgeni kwenda kuona ukumbi wa cherehani. Hiyo kesho ilipofika nilinyang'anywa somo la kompyuta, nikarudishwa kwenye taipu kwa miaka miwili, na zile barua akazichana mbele yangu. Ilikuwa haki yangu.

Lakini aliyenikasirikia hasa ni fundi. Alisimama, akautupa mfuko begani. "Nilikusitiri," akasema. "Siku tano nimekusitiri. Sitara ya mtu haichaniwi barazani hivi, mbele ya mgeni! Nani atawafundisha hao wasichana ukifukuzwa? Mimi?"

"Nisamehe, baba."

"Hata! Sikusamehe." Akashuka ngazi. Hakuwahi kuniambia baadaye kwamba amenisamehe, ingawa alinisalimu miaka yote.

Alikuwa amefika ngazi ya pili printa ilipoanza mle ndani, ile sauti yake ya kukwaruza, mstari baada ya mstari. Akasimama. Akainua kidole ninyamaze, ingawa nilikuwa sisemi. Tukasikiliza wote wawili, tarehe, anwani, salamu, aya ya kwanza, aya ya pili, mpaka karatasi ikachanwa kutoka kwenye printa.

"Amemaliza," akasema, akarudi kwenye benchi akakaa, mfuko wa vyombo ungali begani.